Nilivyomsemea Baba Mkubwa

Mwezi uliopita basi la Ludewa lilinishushia mzigo mdogo uliofungwa kwa kipande cha gunia la viazi. Ndani mlikuwa na kauntabuku moja, ya zile zenye jalada gumu na mgongo wa kitambaa chekundu, na karatasi fupi kutoka kwa dada yake Gaudensi: kaka amefariki, tumemzika nyumbani, aliagiza daftari hili lije kwako. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikalifungua. Lilinuka mafuta ya taa na utomvu wa paini, harufu ya chumba ambacho Gaudensi alipanga uani kwetu, na kabla sijasoma hata mstari mmoja nilikuwa nimesharudi kwenye nyumba yetu ya Njombe, dirisha limezibwa kwa boksi, mama anakohoa nyuma ya pazia.

Katikati ya daftari kuna swali lililoandikwa kwa wino wa bluu: "Je, mwenye njaa akichukua chakula cha mwingine, ameiba?" Chini yake zimepangwa hoja. Pembeni mwa hoja ya tatu Gaudensi ameandika: "Hii ni ya Mpinzani. Nzuri. Sijaijibu."

Mpinzani nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la sita.

Wa rika langu waliokulia nyanda hizi hawahitaji kuelezwa sana. Ni miaka ile ambayo mwalimu alikuwa akiingia darasani na kusema, "Wasio na baba wasimame," halafu, "Wasio na mama wasimame," halafu, "Wasio na wote wabaki wamesimama," ili wagawiwe madaftari na sabuni. Waliobaki wamekaa walikuwa wachache kiasi cha kuona aibu. Baba yetu alikuwa ameshatangulia. Ugonjwa wenyewe haukutajwa, ulisemwa kwa kushusha sauti na kutazama pembeni. Mama alilala chumba cha mbele, na sisi tulikuwa watatu: mimi, Aneti aliyekuwa na miaka minane, na Eliya, ambaye bado alibebwa mgongoni tukipanda mlima kutoka kisimani.

Gaudensi alikuwa mpangaji wetu, Mpangwa wa Ludewa, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Alikuwa amesoma falsafa miaka mitatu katika seminari kubwa, kisha akaambiwa akae nje mwaka mmoja atafakari wito wake. Alikuwa anatafakari huku akiandika vipimo kwenye mbao katika yadi moja ya mbao pale mjini. Majirani zetu, Walutheri kama sisi, walimwita Padri kwa utani.

"Padri, leo umeungamisha mbao ngapi?"

"Zote. Zote zina dhambi, zimepinda."

Alikuwa na mtihani wa kurudia siku akirudi seminarini, na mtihani huo ulimhusu mtu mmoja tu, mwanafalsafa wa zama za kati huko Ulaya, mtawa mnene ambaye wenzake walimdhania mzito wa akili kwa sababu alikuwa haongei. Jina lake ninalijua. Nimeliona limeandikwa kwenye kuta za shule na kwenye milango ya makanisa madogo ya vigango. Lakini Gaudensi alimwita Mzee, na kwetu akabaki Mzee.

"Huyu hasomeki ukiwa peke yako," aliniambia jioni moja nikiwa nachambua maharage. "Anataka uwe na mtu wa kukukatalia. Njoo unikatalie."

"Nikukatalie nini?"

"Chochote nitakachosema."

Mimi nilikuwa mtoto mkubwa katika nyumba ya mgonjwa. Tangu jua linapochomoza niliitikia ndiyo mama, ndiyo shangazi, ndiyo mwalimu. Sikuwahi kuitwa na mtu mzima ili nimkatalie. Niliweka ungo chini nikasogea.

Njia ya Mzee, kama Gaudensi alivyonifundisha, ilikuwa hivi. Unaanza na swali. Kabla hujasema unachoamini, unasema kwanza yale ambayo mpinzani wako angesema, moja baada ya jingine, bila kuyapunguza nguvu. Unayasema vizuri kuliko yeye, mpaka yeye mwenyewe aitikie, "Ndivyo." Hapo, na si kabla, unaruhusiwa kufungua mdomo na kusema, "Lakini kinyume chake." Halafu unatoa jibu lako, na unarudi kuijibu kila hoja kwa zamu yake.

"Na nikiyasema vibaya?"

"Umeshindwa kabla hujaanza. Mtu ambaye hujamsikia huwezi kumjibu."

Tulianza na mwenye njaa. Mimi nilikuwa upande wa mwenye shamba, maana sisi wenyewe tulikuwa na shamba dogo la mahindi na tulishaibiwa. Nikasema mtu amelima kwa mgongo wake. Gaudensi akalirudia neno langu, akaongeza na baridi ya Julai na malengelenge ya jembe, mpaka nikaitikia ndivyo kwa uchungu kabisa. Kisha akasema, lakini kinyume chake, Mzee anasema njaa ikifika mahali pa kuua mtu, chakula kinarudi kuwa cha wote kama kilivyokuwa mwanzo.

"Na kama mwenye chakula naye ana watoto," nikamwambia, "na hicho ndicho cha mwisho?"

Akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaandika.

"Gaudensi!" mama aliita kutoka chumbani, sauti yake ikiwa nyembamba lakini ina kicheko. "Huyo atakuwa wakili. Wewe utabaki na mbao zako."

Basi ukawa ndio mchezo wetu. Aneti na Eliya wakigombania blanketi, niliwalazimisha kila mmoja aseme la mwenzake kwanza. Eliya hakuweza, alikuwa mdogo, alisema tu "ndivyo" kwa kila kitu na kuvuta blanketi. Mama alikuwa mwamuzi. Nadhani ile ndiyo miezi ambayo tulicheka zaidi katika nyumba ile, ingawa dirisha halikufunguliwa hata siku moja kwa sababu ya baridi na ukungu ulioingia hadi kwenye matandiko.

Nilimwuliza Gaudensi huyu Mzee anafanya kazi gani.

"Kazi? Yupo kila mahali. Ukienda mahakamani ukaona hakimu hahukumu mpaka upande wa pili umesikilizwa, Mzee yupo pale. Yupo vyuo vikuu vyote. Yupo bungeni, siku wakikumbuka. Popote mtu anaposikilizwa kabla ya kujibiwa, Mzee ameshafika."

Leo najua alitia chumvi kidogo. Watu walisikilizana pande mbili kabla Mzee hajazaliwa. Lakini nimesoma daftari lile mara tatu sasa, polepole, na naona alichotaka kusema: kwamba ile subira ya kuipanga hoja ya mwenzako na kuijibu moja moja ilipita katika mikono ya watu kama Mzee, ikaingia vyuoni na kwenye sheria, ikatufikia hata sisi tusiomjua.

Mimi wakati ule nilielewa kitu kingine kabisa. Gaudensi alikuwa na kadi ndogo katikati ya daftari, yenye mtu mnene aliyevaa kanzu nyeupe na joho jeusi, ameshika kitabu, na kifuani ana kitu kinachong'aa kama jua. Niliichukulia kuwa ni picha ya kupigwa. Nikaamua kwamba Mzee ni mzungu wa misheni kubwa ya Wakatoliki iliyoko nje ya mji, kwamba ana gari, na kwamba analitumia kuzungukia mahakama na vyuo na Bunge kuhakikisha watu wanasikilizana. Niliona ni kazi nzuri. Sikuuliza zaidi, kwa kuwa yalikuwa mambo ya Wakatoliki.

Mama alifariki mwanzoni mwa mvua. Gaudensi alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Siku ya tatu akapata habari kwamba baba yake anaumwa Manda, kule ziwani, akaondoka kwa basi la alfajiri akisema atarudi baada ya wiki mbili. Jumamosi iliyofuata ukoo ukakaa kikao.

Nieleze kwanza nilichokuwa naogopa. Baba alipofariki tulikaa mwezi mzima Makambako, kwa Baba Mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa na duka la vipuri karibu na njia panda. Tulilala stoo, katikati ya matairi. Usiku kucha malori yalikuwa yakipunguza gia, na asubuhi nguo zetu zilinuka mpira. Mama Mkubwa hakututesa. Alitupikia wali siku za Jumapili. Lakini Aneti alikuwa akisimama mlangoni na kuomba ruhusa ya kwenda chooni, kila mara, na Eliya alijifunza kulia bila sauti. Nilikuwa nimeshaona jinsi mtoto anavyokuwa mgeni.

Kikao kilikaa sebuleni kwetu, watu kumi na mmoja, mlango umefungwa kwa sababu ya upepo, jiko la mkaa katikati. Mimi nilikaa chini kwenye mkeka, nimebanwa na magoti ya watu pande zote. Mzee wa kanisa alifungua kwa sala. Baba Mkubwa akaeleza mpango: Aneti aende Lupembe kwa Shangazi, mimi na Eliya twende Makambako, na nyumba ipangishwe yote. Shangazi, dada yao mdogo, mkulima wa chai, alikubali kwa kutikisa kichwa. Wengine wakasema machache. Kisha Baba Mkubwa, ambaye alikuwa mtu wa haki na ninalisema hili kwa moyo mmoja, akanigeukia.

"Mkubwa wa watoto naye aseme. Sema, mama, usiogope."

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa siku mbili, tangu nilipowasikia wakiupanga mpango huo jikoni. Na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa vizuri, nilianza na maneno yake.

Nilisema nyumba bila mtu mzima ni nyumba isiyo na mlango. Nilisema Eliya ana kifua, na baridi ya Njombe si ya mtoto mwenye kifua, afadhali Makambako kuna jua. Nilisema watoto watatu kwa ndugu mmoja ni mzigo unaoweza kumfanya mtu mwema akasirike, lakini wakigawanywa kila nyumba inabaki na upendo wa kutosha. Nilisema Baba Mkubwa ana watoto wake, na bado amekuja na Biblia na moyo wazi, na angeweza kukaa kimya kama ndugu wa wengine wanavyokaa. Nilisema hata marehemu baba angekuwa mahali pake angefanya hivyohivyo. Sikupunguza nguvu hata neno moja. Nilipotazama, Shangazi alikuwa analia kwenye pindo la kitenge, na mzee wa kanisa amefumba macho.

"Ndivyo, baba?" nikauliza.

"Ndivyo kabisa, mwanangu," Baba Mkubwa akasema, na sauti yake ilitetemeka. "Ndivyo kabisa."

Zamu yangu ilikuwa imefika. Nilivuta pumzi.

"Tusimame tuombe," mzee wa kanisa akasema.

Viti vikasogezwa, watu kumi na mmoja wakasimama, nami nikawa chini ya mabega yao sioni hata taa. Mzee wa kanisa alimshukuru Mungu kwa kumpa mtoto yatima hekima ya watu wazima. Alinitaja kwa jina. Alisema amina, wote wakaitikia amina, na mimi, kwa mazoea, nikaitikia. Kwetu sala ya kufunga ikishasemwa kikao hakirudi nyuma. Watu walinishika kichwa wakipita. Mmoja akanipa peremende.

Usiku ule nililala nimeshika ile peremende. Ile "lakini kinyume chake" yangu nilikuwa bado sijaisema. Gaudensi alikuwa Manda. Jumatatu Shangazi angeondoka na Aneti. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee. Kama kazi yake ni kuhakikisha watu wanasikilizwa, basi nyumba yetu ilikuwa inamhitaji kuliko Bunge.

Jumapili, wengine walipokwenda kanisani, nilisema tumbo linaniuma. Nilitembea zaidi ya saa mbili, kwanza kupitia mashamba ya miti ya miwati, kisha barabara ya udongo mwekundu iliyoshika viatu, ukungu ukiwa mzito hivi kwamba nilisikia kengele ya misheni kabla sijaona ukuta wake. Sikuwahi kuingia mahali pa Wakatoliki. Nilipita geti nikamkuta bruda mmoja, Mbena mtu mzima mwenye gamboti, anasukuma ndoo ya maziwa kwenye toroli.

"Kamwene," nilimsalimia.

"Kamwene, binti. Umepotea?"

"Nimekuja kumwona Mzee."

"Wazee hapa ni wengi. Yupi?"

"Yule mnene. Anayeandika sana. Anayesikiliza pande mbili kwanza."

Bruda alisimamisha toroli. Nilimweleza kanzu nyeupe, joho jeusi, jua la kifuani. Alinitazama kwa muda, akaniambia nivue viatu, akanipeleka kwenye korido ndefu yenye sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa nta. Mwisho wa korido palikuwa na picha kubwa.

"Huyu?"

"Huyu! Yupo?"

"Binti," akasema, na nashukuru kwamba hakucheka, "huyu alikufa kabla ya babu wa babu wa babu yako kuzaliwa."

"Gaudensi anasema yuko mahakamani. Na bungeni."

"Yuko, ndiyo. Kwa namna."

"Kwa namna gani?"

Alifikiri. "Kwa namna isiyoweza kupanda gari kuja kwenu."

Nililia pale kwenye korido. Alinirudisha nje, akanikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanipa maziwa ya moto katika kikombe cha bati, akaniuliza nilitaka Mzee aje kusema nini. Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu matairi na ruhusa ya chooni. Nilimwambia Eliya akilala Makambako bila Aneti atasahau wimbo wa mama, maana ni Aneti anayeujua wote. Nilimwambia ninajua kupika, kufua, kupalilia, kumpa mgonjwa dawa na kumgeuza kitandani, na nilishafanya yote hayo mwaka mzima huku watu wazima wakija kusalimia. Nilisema mpaka maziwa yakapoa na kuota utando.

"Vizuri sana," bruda akasema. "Lakini mimi si baba yako mkubwa."

Nilirudi kwa njia ileile.

Nilimkuta Baba Mkubwa mlangoni kwetu, na nyundo, anafunga komeo jipya ili nyumba ifungike vizuri wakati wa kutafuta mpangaji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulikuwa wapi? Shangazi yako amerudi kutoka kanisani hakukuona."

"Misheni ya Wakatoliki."

Nyundo ikasimama. "Umeshabadili dini?"

"Hapana, baba. Jana sikumaliza."

"Hukumaliza nini?"

"Kusema. Yale yalikuwa maneno yako. Niliyasema kwanza uone kwamba nimeyasikia. Yangu yalikuwa yanakuja."

Alinitazama kama mtu anayetazama bidhaa aliyouziwa. "Watu wamelia jana. Umeombewa kwa jina. Leo nirudi niwaambie ulikuwa unafanya mchezo?"

"Haukuwa mchezo."

"Basi ulikuwa uongo. Chagua."

Nilisimama pale, mbele yangu yeye na komeo lake, nyuma yangu ukungu, na kila nilichotaka kusema kilikuwa kimezibwa na kile nilichokwisha kusema. Nilichobakiwa nacho ni ile njia tu.

"Mimi nilisema yako mpaka ukaitikia," nikamwambia. "Sasa na wewe sema yangu."

"Mtoto wewe," alisema, lakini aliketi juu ya boksi la misumari. "Haya. Unasema mnataka kukaa pamoja."

"Hujafika."

"Hujafika! Haya. Unasema... unasema mkigawanyika mtasahauliana."

"Na kwako?"

"Kwangu mtakuwa wageni." Akaigeuza nyundo mkononi. "Mama Mkubwa wenu aliwakosea nini?"

"Hakutukosea. Alitupikia vizuri. Lakini Aneti alikuwa anaomba ruhusa kwenda chooni."

Aliitua nyundo chini. Akaanza tena, kwa sauti nyingine, na akasema kwamba mtoto aliyemwuguza mama yake mwaka mzima ameshakuwa mtu mzima na hakuna aliyemwambia. Kwamba ukoo ulikuja na mpango wakati nyumba ilikuwa na mpango wake. Hayo mimi sikuwa nimeyasema. Yalikuwa bora kuliko yangu.

"Ndivyo?" akauliza.

"Ndivyo."

"Basi nimekusikia. Na bado jibu ni hapana. Wewe asubuhi uko shule, Aneti yuko shule. Eliya abaki na nani? Akiangukia jiko?"

Nilizipitia hoja zake zote kichwani. Kifua cha Eliya nilikuwa na jibu lake. Mzigo nilikuwa na jibu lake. Hii tu ndiyo haikuwa na jibu, au ilikuwa nalo moja.

"Nitabaki naye mimi."

"Na shule?"

"Sitaenda."

"Hilo nalo kesho utaniambia lilikuwa neno langu?"

"Hapana, baba. Hili ni langu."

Aliokota nyundo, akamaliza komeo, misumari minne. Kisha akanipa ufunguo. "Mwezi mmoja," alisema. "Nitakuja kila Jumamosi. Siku nikikuta moto umezimika, nawabeba wote."

Alikuja kila Jumamosi kwa miaka. Moto haukuzimika. Mwalimu alituma watoto kuniulizia mara mbili, halafu akaacha. Gaudensi aliporudi kutoka Manda nilimsimulia, akavua miwani akakaa nayo mkononi muda mrefu. Alisema atanifundisha jioni, na alinifundisha, mpaka mwaka wake ukaisha akarudi seminarini. Mimi nilikuwa ndani. Nilijua kila ufa wa ukuta wa jikoni. Wenzangu walipopita barabarani na sare za sekondari nilikuwa nafua nikiwa nimewapa mgongo. Sikujuta, ila nilijua kabisa nimefungiwa, na kwamba ufunguo ninao mimi.

Lakini ninalotaka kulisema ni la Jumatatu ile ya kwanza. Shangazi aliondoka asubuhi peke yake, akatubusu, akasema Mungu awalinde. Mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Nilichemsha uji, nikamvalisha Aneti sweta la shule, nikawa namfunga vifungo huku naimba. Yeye alikuwa anatazama barabara ambako Shangazi alipotelea.

"Nguo zangu nilishazifunga," akasema.

"Nimezifungua. Ziko mahali pake."

"Mimi nilitaka kwenda."

Nilidhani anatania. "Lupembe? Unaijua Lupembe wewe?"

"Kule hakuna aliyekufa," Aneti akasema. "Hapa nikilala naona kitanda cha mama."

Mikono yangu ilibaki kwenye kifungo.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasema wewe."

Kengele ya shule ikagongwa, akachukua mfuko wake akaenda. Tulilala nyumba moja miaka kumi baada ya hapo. Alinisaidia kazi zote, hakuninung'unikia hata siku moja, na kitanda cha mama nilikitoa nje wiki ileile, ingawa alisema haisaidii. Sikuwa na moyo wa kumpeleka. Ningempeleka, yote niliyomwambia Baba Mkubwa yangeanguka, na Eliya angefuata. Nilimweka Aneti pale ili hoja yangu isimame.

Alipofikisha umri wa kujiamulia alinikuta jikoni akaniambia ameandikiwa na Shangazi, kuna mashamba ya kupalilia na kuchuma, na angependa kwenda. Niliondoa sufuria motoni nikaketi. Nikamwomba aniambie kwa nini, yote, tangu mwanzo. Alisema kwa muda mrefu. Mara kadhaa nilikuwa na neno, nikalimeza. Alipomaliza nilimsaidia kukunja nguo, tukaenda stendi.

Anaishi huko hadi leo. Anasema analala vizuri.